Nani Anamlipa Aliyetengeneza Kobo?

Zamu ya kuandika imetufikia sisi wa Nakivale.

Mwezi uliopita tulikuwa Juru, tunapita nyumba kwa nyumba na simu za mradi, tunajaza fomu za Kobo kuhusu maji. Wengi wenu mnaijua kazi hiyo: jua, vumbi, swali la arobaini na tatu, na mama anayekuuliza kama safari hii msaada utafika kweli. Tukapumzika chini ya mti. Mwenzetu mmoja akauliza, "Hii Kobo si ni ya bure? Sasa aliyeitengeneza anakula nini?" Tulicheka, lakini hakuna aliyekuwa na jibu. Jioni tukaanza kutafuta. Mega ziliisha mara mbili. Tulichokuta ni historia ya miaka arobaini, na inatugusa, maana wengi wetu tumejifunza kompyuta, tukapewa cheti, halafu tunakaa tu.

Kwanza tuelewane. Programu huria ni programu ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi. Yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Kobo ni hivyo. Mfumo wa Android ulio ndani ya simu zetu umejengwa juu ya Linux, nayo ni hivyo hivyo.

Jambo hili lilipata jina na sheria zake kwa mtu anayeitwa Richard Stallman, Mmarekani wa chuo cha MIT. Mwezi Septemba 1983 alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa kompyuta, GNU, na kuuacha huru kwa watu wote. Januari 1984 akaacha kazi ya chuo ili kesho na kesho kutwa chuo kisije kudai kwamba programu hizo ni mali yake. Sasa hapo ndipo swali la mwenzetu linaanza, kwa sababu mtu aliyeacha kazi lazima ale.

Mwaka 1985 alikuwa na programu moja iliyopendwa, Emacs, ya kuandikia maandishi. Aliyekuwa na mtandao aliichukua bure. Asiye na mtandao, na wakati ule walikuwa wengi, alimtumia dola 150 akapelekewa kanda kwa posta. Ndiyo ikawa riziki yake. Pale Base Camp kuna kijana anayepakia nyimbo kwenye flashi za watu. Nyimbo ziko bure kwenye intaneti, lakini mteja hana mega, hana muda, au hajui pa kuzitafuta. Analipia ule upakiaji. Kumbe Stallman na kijana wa Base Camp walifanya biashara moja! (Tofauti ni kwamba Emacs aliiandika mwenyewe. Nyimbo zina wenyewe, hilo tuliache.)

Baadaye, mwaka 1989, watu watatu wa Marekani, Michael Tiemann, John Gilmore na David Henkel-Wallace, walifungua kampuni ya Cygnus. Hawakuuza programu. Waliuza msaada juu ya programu za GNU zilizokuwa bure: kampuni ikikwama, inawaita, wanarekebisha, wanalipwa. Wengi waliona ni wazimu kulipisha watu juu ya kitu cha bure. Mwaka 1999 kampuni ya Red Hat ilikubali kuinunua Cygnus, na mwaka 2019 IBM ikainunua Red Hat yenyewe kwa dola bilioni 34. Hizo bilioni hatuwezi hata kuzihesabu, tuendelee.

Linux tunaijua wote kwa jina. Linus Torvalds aliitangaza Agosti 1991 akiwa mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, Finland. Kinachosimuliwa kwa kawaida ni akili zake. Sisi tuliangalia riziki yake. Aliendelea na chuo, na mwaka 1997 akaajiriwa California na kampuni ya vipuri vya kompyuta iliyomruhusu kuishughulikia Linux pembeni. Alianza kulipwa kwa ajili ya Linux peke yake mwaka 2003. Hesabuni wenyewe, ni miaka 12. Na yeye alikuwa na chuo, umeme na pasipoti. Leo zaidi ya asilimia 80 ya kazi ya kuiendeleza Linux inafanywa na watu walioajiriwa na makampuni. Basi ile hadithi kwamba programu huria ni watu wanaojitolea usiku kwa mapenzi tu, si kweli kwa miradi mikubwa.

Kwa miradi mingine ni kweli kabisa, na inauma. OpenSSL ndiyo inayofunga siri kati ya simu yako na tovuti nyingi sana duniani, hata unapotuma nywila. Aprili 2014 iligundulika kasoro ndani yake, ikaitwa Heartbleed, na dunia ikashtuka. Watu wakauliza: nani analinda kitu hiki? Wakakuta mradi una mfanyakazi mmoja tu wa muda wote, na michango ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Dola 2,000! Baada ya aibu hiyo makampuni makubwa, Google, Facebook na Microsoft yakiwemo, yakachanga mamilioni. Sisi wa kujitolea tunaielewa habari hii bila kutafsiriwa. Unabeba kazi ambayo wote wanaitegemea, na jina lako linatafutwa siku kitu kikiharibika.

Huku kwetu Afrika Mashariki historia hii nayo ipo, na si ya pembeni. Mwaka 2004 madaktari kutoka Indiana, Marekani, walifika Eldoret, Kenya, ambako wagonjwa wa virusi vya UKIMWI walikuwa wakiongezeka kuliko makaratasi yanavyoweza kubeba. Kutokana na kazi ile ikazaliwa OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, na leo kati ya waandishi wake wakuu wamo watu wa Uganda. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili. Na 2008, Kenya ilipokuwa inaungua baada ya uchaguzi, vijana waliunda Ushahidi, ramani ya kukusanya taarifa za vurugu kutoka kwa wananchi wenyewe. Msimbo wake uliwekwa wazi, na nchi nyingi zikautumia.

Mwaka 2008 pia, chuo cha Washington huko Seattle kilianza ODK, fomu za kujaza kwa simu. Moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa magharibi mwa Kenya, wahudumu wakipita nyumba kwa nyumba kupima watu virusi. Juu ya ODK ndipo Kobo ilijengwa. Kwa hiyo ile fomu tuliyoishika Juru, babu yake alitembea njia kama zetu. Na jibu la mwenzetu ni hili: wanaoiandika Kobo wako chini ya shirika lisilo la faida. Linapata misaada, na mashirika makubwa yanalilipa kwa seva zao binafsi na huduma. Ni ile ile habari ya kanda ya Emacs.

Mtu ambaye si mwanafunzi wa chuo anaingilia wapi? Mwaka 2005 Google ilianza mpango wa kiangazi wa kulipa wanafunzi waandike msimbo kwenye miradi huria. OpenMRS imo tangu 2007. Tangu 2022 si lazima uwe mwanafunzi, ukifikisha miaka 18 na wewe ni mgeni kwenye kazi hizi unaweza kuomba, na posho inategemea nchi unayoishi. Mpango mwingine ni Outreachy, uliochipuka ndani ya mradi wa GNOME mwaka 2006 kwa ajili ya wasichana na baadaye ukafungua mlango kwa wengine wanaobaguliwa. Wenyewe wanatoa dola 7,000 kwa miezi mitatu, uwe Paris au Nakivale. Yote miwili haitozi ada. Tunasema hivi kwa sababu kuna mtu alizunguka hapa akiomba "pesa ya usajili" ya kazi za mtandaoni, na baadhi yetu tulilipa.

Lakini kuna sharti ambalo watu wa nje hawalioni: lazima uwe na ruhusa ya kufanya kazi katika nchi unayoishi. Hapa Uganda sheria ya wakimbizi ya 2006 inatupa haki hiyo. Ndugu zetu wa Nyarugusu, Tanzania, wana akili zile zile na hawana haki hiyo kwa urahisi, hata kutoka kambini ni kibali. Tunapoandika historia ya kompyuta tuiweke na sheria hiyo ndani, kwa sababu kwetu ina uzito kama Linux.

Na ukishapata kazi, kuna pesa yenyewe. Mwenzetu mmoja alirekebisha kasoro na kutafsiri maneno kwenye mradi mdogo wa ng'ambo kwa miezi minne bila senti. Mwezi wa tano walimpa kazi ya malipo, dola 200. Aliimaliza kwa wiki tatu akichaji kompyuta kwa sola ya jirani. Pesa ikatumwa, ikakwama. Kwenye cheti cha shule jina la baba liko mbele, kwenye karatasi ya ukimbizi liko nyuma, na herufi moja imebadilika R ikawa L. Mfumo wa malipo ukaona ni watu wawili. Alizunguka ofisi wiki tisa. Aliipata mwishowe, lakini kwa wiki hizo alikuwa ameshaacha kuandika na kurudi kubeba matofali.

Tangu hapo tumebadilisha utaratibu wa Jumamosi. Kabla ya kufungua kompyuta tunakagua majina. Njoo na kila karatasi uliyo nayo, tuzilinganishe herufi kwa herufi, na penye kosa tuanze kulirekebisha leo kabla pesa haijatafutwa. Halafu tunafungua orodha ya kasoro za mradi mmoja na kuchagua iliyo ndogo kabisa. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, barua yenu ya kuthibitisha jina la kijana mmoja inaweza kumwokolea wiki tisa.

Yule mwenzetu tulimrudisha kwa kumsumbua. Ameomba Outreachy ya mwezi wa kumi na mbili. Majibu bado.