Nani Anahesabiwa? Wahitimu wa Sanaa za Maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika Historia ya Tamthiliya ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mafanikio ya kikazi ya wahitimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Hoja kuu ni kwamba historia ya tamthiliya ya Kiswahili imewapima wahitimu hao kwa vitabu vilivyochapishwa, ilhali sehemu kubwa ya kazi yao ilifanyika vijijini, shuleni na katika filamu, mara nyingi kwa jina la kikundi. Kwa kufuatilia kazi za Ebrahim Hussein, Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na kikundi cha Paukwa, makala yanaonesha kwamba kipimo hicho kinaficha mchango wa pamoja, hususani wa wanawake, na kinapingana na falsafa iliyoiongoza programu yenyewe.

1.0 Utangulizi

Kwa miongo mingi mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania ameijua tamthiliya kama kitabu. Huisoma kama anavyosoma riwaya: hutafuta dhamira, hubainisha wahusika, hueleza mandhari, kisha hujibu maswali ya mtihani. Hali hiyo imeathiri pia namna tunavyoiandika historia ya utanzu huu. Tunapouliza wahitimu wa sanaa za maonyesho wamefanya nini, jibu huja haraka kwa umbo la orodha: fulani aliandika hiki mwaka huu, fulani aliandika kile mwaka ule. Orodha hiyo ni ya kweli, tena ni ya kujivunia. Hata hivyo, haijitoshelezi.

Suala hili si la takwimu za ajira pekee. Namna tunavyopima mafanikio ya wahitimu ndiyo inayoamua ni kazi gani itahifadhiwa, itafundishwa na kutafitiwa, na ni ipi itakayopotea pamoja na walioifanya.

2.0 Mazingira ya Programu

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, na kuwa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 1970. Mafunzo ya sanaa za maonyesho yaliota mizizi mwishoni mwa miaka ya 1960, kipindi ambacho Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeibua upya swali la sanaa kwa ajili ya nani. Jukwaa lililorithiwa kutoka enzi za ukoloni lilikuwa, kwa kiasi kikubwa, la shule na vilabu, na lugha yake ilikuwa Kiingereza. Walimu na wanafunzi wa kwanza walilazimika kujiuliza kama ngoma, utambaji wa hadithi, majigambo na matambiko vingeweza kuwa msingi wa sanaa ya maonyesho ya kisasa kwa Kiswahili.

Swali hilo lilijibiwa kinadharia katika kitabu cha Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, Fasihi na Sanaa za Maonyesho, cha mwaka 1976. Kitabu hicho kiliwapa walimu na wanafunzi istilahi za kujadili maonyesho kwa Kiswahili, na kilizitazama sanaa za jadi kama sanaa kamili zenye kanuni zake.

Jambo la pili la kuzingatia ni la kiuchumi. Hapakuwa na majumba ya maonyesho ya kulipa mishahara ya waigizaji kwa mwaka mzima. Mhitimu wa fani hii hakuwa na soko la kumpokea. Njia zilizokuwa wazi kwake zilikuwa ualimu, utumishi wa umma katika utamaduni, utangazaji na, kwa wachache, kubaki chuoni. Kwa hiyo, kupima mafanikio yake kwa kigezo cha uigizaji wa kulipwa kungekuwa kumpima kwa ajira isiyokuwapo.

3.0 Mafanikio Yanayoonekana: Mwandishi na Kitabu

Jina linalotangulia katika historia hii ni la Ebrahim Hussein. Akiwa mwanafunzi aliandika michezo mifupi, ukiwamo Wakati Ukuta. Mwaka 1969 ilichapishwa Kinjeketile, tamthiliya iliyochota katika historia ya Vita vya Majimaji vya 1905–1907 na kuchunguza jinsi imani inavyounganisha watu na jinsi inavyoweza kumponyoka yule aliyeianzisha. Mashetani ilifuata mwaka 1971. Baada ya masomo ya uzamivu mjini Berlin Mashariki, alirejea kufundisha Dar es Salaam, na kazi zake za baadaye, zikiwamo Arusi (1980) na Kwenye Ukingo wa Thim (1988), zilithibitisha nafasi yake.

Hata hivyo, namna tulivyompokea Hussein inaonesha upungufu wa kipimo chetu. Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini, zilizotoka katika kitabu kimoja mwaka 1976, zimejengwa juu ya sanaa ya mtambaji: mtu mmoja, sauti yake, mwili wake na hadhira yake. Ni kazi zinazohitaji kusikika. Mjadala wa kitaaluma umezigusa kwa uchache ukilinganisha na Kinjeketile na Mashetani, ambazo zinakubali kwa urahisi zaidi kuchambuliwa zikiwa katika kurasa. Kazi iliyokaribia zaidi lengo la programu ndiyo iliyopata nafasi ndogo zaidi katika uhakiki.

Edwin Semzaba, mwandishi na mwalimu wa fani hii aliyefariki mwaka 2016, anaonesha upande mwingine wa jambo hilo. Kupitia Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, karani wa sensa na mapenzi yaliyomharibia kazi vimekuwa sehemu ya kumbukumbu ya vizazi vya wanafunzi. Lakini Semzaba mwongozaji na mwalimu wa jukwaani anajulikana zaidi kwa wale waliofanya kazi naye, si kwa wasomaji wake.

4.0 Mtu Mmoja, Majina Mawili

Mfano wa Penina Muhando Mlama unafundisha zaidi. Tamthiliya zake zimechapishwa kwa jina la Muhando: Hatia (1972), Tambueni Haki Zetu (1973), Heshima Yangu (1974), Pambo (1975), Nguzo Mama (1982) na Lina Ubani (1984), miongoni mwa nyingine. Utafiti wake unajulikana kwa jina la Mlama: tasnifu ya uzamivu ya mwaka 1983 kuhusu sanaa za jadi za Wakaguru kama asasi ya malezi na elimu, na kitabu cha mwaka 1991 kuhusu sanaa za maonyesho ya umma na maendeleo barani Afrika. Anayepekua katalogi ya maktaba bila kujua anaweza kudhani hao ni watu wawili, mmoja mtunzi na mwingine mtaalamu wa maendeleo.

Mgawanyiko huo haupo katika orodha za vitabu tu. Wahakiki wa fasihi hushughulika na Muhando, wanasayansi ya jamii humnukuu Mlama. Ilhali kazi zenyewe ni mwendelezo mmoja. Swali la tasnifu, yaani jinsi maonyesho ya jadi yanavyofunza, ndilo linalorudi katika Lina Ubani pale utambaji unapotumika kuihoji hali ya nchi baada ya vita vya Kagera. Swali hilohilo ndilo lililompeleka vijijini, na baadaye katika uongozi wa chuo kikuu na wa shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika, FAWE. Ukitenganisha majina hayo, unapoteza uzi unaoziunganisha kazi zote.

5.0 Kazi ya Kikundi

Mwaka 1982 ilichapishwa Harakati za Ukombozi, tamthiliya ya Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Ayubu ya mwaka 1984 ilitoka kwa jina la kikundi cha Paukwa. Kazi hizi mbili zinasumbua mbinu zetu za uainishaji. Uhakiki uliozoea kuuliza "mwandishi ana msimamo gani?" hukosa mtu wa kumwelekezea swali, na mara nyingi huipita kazi hiyo kimya. Si jambo la kubahatisha kwamba wanawake wana nafasi kubwa katika kazi za ushirikiano wa namna hii. Historia inayotambua kitabu cha mtu mmoja pekee inapunguza mchango wao bila hata kukusudia.

Kazi za vijijini zimeachwa mbali zaidi. Katika mradi wa Malya, mkoani Mwanza, wa 1982–1983, walimu wa idara, wakiwamo Mlama na Lihamba, walishirikiana na wanakijiji kutambua matatizo yao, kuyachambua, kuyageuza kuwa maonyesho kwa kutumia ngoma na sanaa za mahali pale, kisha kuyajadili hadharani. Hadhira haikuletewa mchezo uliokwisha kutungwa mjini, ilishiriki kuutunga. Kwa vigezo vya kitabu, hapakuwa na mwandishi wala matini. Kwa vigezo vya programu iliyotaka kuirejesha sanaa kwa wenyewe, pengine hapo ndipo ilipofaulu zaidi.

Mbinu hiyo iliingia shuleni mwaka 1996 kupitia Tuseme. Wasichana wa sekondari walitumia uigizaji, nyimbo na ngoma kubainisha vikwazo vya elimu yao na kuvisema mbele ya walimu na wenzao. FAWE ilipoichukua, Tuseme ilivuka mipaka ya Tanzania na kuingia katika shule za nchi nyingine za Afrika. Ni nadra kuikuta imetajwa katika kozi za tamthiliya ya Kiswahili, ingawa jina lake lenyewe ni kitenzi cha Kiswahili kilichosafiri kwa miguu ya jukwaa.

Lihamba anadhihirisha upana huo katika maisha ya mtu mmoja. Ni mwandishi wa Hawala ya Fedha (1980), iliyotokana na kazi ya Ousmane Sembène, ni mtafiti aliyepata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds mwaka 1985, na ni mwigizaji wa filamu za Arusi ya Mariamu (1985) na Maangamizi (2001). Kumwita mwandishi wa Hawala ya Fedha na kuishia hapo ni kulitaja tawi na kuusahau mti.

6.0 Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba mwanahistoria hana budi kutegemea kinachobaki, na kinachobaki ni matini. Hoja hii ina uzito, lakini inachanganya ugumu wa ushahidi na thamani ya kazi. Wataalamu wa fasihi simulizi walikabiliwa na ugumu huohuo, na hawakuhitimisha kwamba ngano isiyoandikwa si fasihi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Maonyesho ya maendeleo yalitegemea mara nyingi fedha za wafadhili, na kuanzia miaka ya 1990 vikundi vingi viliigiza ujumbe vilivyokwisha kukabidhiwa. Mtu anaweza kuuliza kama hiyo ni sanaa au tangazo. Jibu haliwezi kuwa moja kwa miradi yote. Malya na igizo lililoagizwa kwa ajili ya kampeni si kitu kimoja, na tofauti yake ipo katika nani aliyeuliza swali la kwanza. Lakini tofauti hiyo haiwezi kuthibitishwa bila kuitafiti miradi yenyewe. Kuiacha nje ya historia ya tamthiliya ni kujinyima uwezo wa kuikosoa.

7.0 Hitimisho

Programu ya Dar es Salaam ilianza kwa kudai kwamba sanaa yetu inaishi katika sauti, mwili na mkusanyiko wa watu. Ni kinaya kwamba wahitimu wake wanakumbukwa kwa karatasi. Makala haya hayapendekezi kuishusha Kinjeketile ili kuiinua Malya. Yanapendekeza kwamba mtaala wa historia ya tamthiliya uzisome kwa pamoja, kama majibu mawili ya swali moja.

Kwa watafiti wa uzamili na uzamivu, kazi ipo na muda ni mfupi. Ripoti za miradi, daftari za waongozaji, picha na kanda zinahitaji kukusanywa. Walioigiza Paukwa, waliocheza Malya na wasichana wa kwanza wa Tuseme, ambao sasa ni watu wazima, wanahitaji kuhojiwa. Kitabu kikikosekana rafuni, nakala nyingine huweza kupatikana. Onyesho ambalo halikuandikwa halina nakala isipokuwa kumbukumbu za walioshiriki, na hao wanapungua kila mwaka.