Kwa nini ripoti ya AS/400 haienei kwenye A4?

Leo turudi nyuma kidogo. Kama umewahi kufanya kazi na AS/400, ile tarakilishi ya ukubwa wa kati ambayo IBM iliitangaza Juni 1988, huenda unaijua adha hii: ripoti inasomeka vizuri kwenye skrini, lakini ukiichapisha kwenye A4, safu za kulia zinakatwa. Na mara nyingi safu ya mwisho ndiyo yenye salio. Ripoti ya hesabu isiyo na salio ni ya kazi gani?

Chanzo ni cha kale kuliko AS/400 yenyewe. Mwaka 1959 IBM ilitoa tarakilishi ya 1401 pamoja na printa ya 1403. Modeli ya 2 ya printa hiyo ilikuwa na nafasi 132 za herufi katika kila mstari. Kwa herufi 10 kwa inchi, mstari mzima ni inchi 13.2. Ukienda chini, mistari ni 6 kwa inchi, yaani 66 kwenye karatasi ya inchi 11. Ile karatasi pana ya mkunjo, yenye matundu pembeni, iliubeba mstari huo bila taabu.

Waandishi wa programu wakalizoea umbo hilo. Katika lugha ya RPG unaeleza kila kiasi kiishie nafasi ya ngapi: jina hapa, salio kule mwisho. AS/400 ikarithi desturi hiyo. Faili yake ya kuchapisha, QSYSPRT, huja na vipimo vilevile: 66 kwa 132.

Kisha printa za leza zikaingia maofisini. HP LaserJet ya kwanza ilitoka 1984. A4 hata ukiilaza ina upana wa inchi 11.7 tu. Uandike upya kila programu, au upunguze herufi? Kupunguza ni rahisi zaidi, na amri ya OVRPRTF hufanya hivyo bila kuigusa programu.

Sasa hesabu. Ukiweka CPI(15), herufi 132 zinachukua inchi 8.8. Upana umetosha. Lakini wengi huishia hapo, wakasahau urefu: A4 iliyolazwa ina kimo cha inchi 8.27, na mistari 66 kwa kipimo cha 6 bado inataka inchi 11. Hata LPI(8) inataka 8.25, na printa ya leza haichapishi hadi ukingoni. LPI(9) inataka 7.3, nayo inaenea. Ukitaka mfumo ukufanyie, kuna PAGRTT(*COR), inayoigeuza ripoti na kuzipunguza herufi zenyewe.

Mfumo huo siku hizi unaitwa IBM i, na 132 bado ipo. Kwa hivyo kabla ya kulaumu printa, gawanya kwanza: herufi kwa upana, mistari kwa kimo. Na usipunguze kupita kiasi. Mhasibu atakayeisoma ripoti ana macho ya kawaida.