Safu ya Lugha: Haki za kiraia

Watangazaji wengi, wakisimulia mapambano ya Wamarekani weusi, hutaja haki za kiraia na haki za binadamu kana kwamba ni pacha. Si pacha, na kuzichanganya kunaficha kiini cha mapambano yenyewe.

Neno raia limetoka katika Kiarabu, ambako lilihusu kundi lichungwalo, kisha watu walio chini ya mtawala. Katika Kiswahili cha leo raia ni mwenye nchi, anayeweza kuidai serikali yake. Haki za kiraia ni madai hayo.

Mfano wa aliyenyimwa madai hayo ni Dred Scott, aliyeishi utumwani akaenda mahakamani kudai uhuru. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa mtu mweusi mwenye asili ya utumwa hawezi kuwa raia, hivyo Scott hakuwa hata na ruhusa ya kushtaki katika mahakama ya shirikisho. Marekebisho ya 14 ya Katiba, mwaka 1868, yaliipindua hukumu hiyo. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ikapiga marufuku ubaguzi hotelini, mikahawani na kazini.

Haki za binadamu hazimuulizi mtu uraia wake, hivyo zinaweza kudaiwa hata nje ya nchi yake. Ndiyo maana Malcolm X, mwanaharakati wa Wamarekani weusi, akiwa Cairo mwaka 1964, aliwasihi viongozi wa Afrika walifikishe suala la Wamarekani weusi Umoja wa Mataifa.

Basi anayeandika kuhusu kunyimwa kura aandike haki za kiraia. Kuhusu mateso gerezani, hata ya mgeni asiye na hati, aandike haki za binadamu.