Mlango wa Mto Kongo na Hewa Yake

Mvua inyeshapo hapa Makomeno, majani makavu huchukuliwa na maji ya mifereji. Mengine hufika mto Lubumbashi. Maji ya mto huo huingia Kafubu, kisha Luapula, ziwa Mweru, Luvua na Lualaba, yaani Kongo wenyewe. Mwisho wa safari ni Banana, kwenye bahari ya Atlantiki. Leo twataka kueleza habari za mlango ule, na yale ambayo watu walichelewa kuyafahamu.

Mwaka 1482 Mreno Diogo Cão alifika pale kwa merikebu. Wenyeji waliuita mto Nzadi. Wareno wakatamka Zaire. Mabaharia waliona maji ya matope yakiingia mbali baharini, wala hawakujua yamebeba nini. Mwaka 1886 meli Buccaneer ilikuwa ikitafuta njia ya waya wa telegrafu. Bwana J. Y. Buchanan akapima kina, akakuta bonde kubwa chini ya bahari. Bonde hilo huanzia ndani ya mlango wa mto.

Basi, maji yale yamebeba nini? Yamebeba udongo, majani na mabaki ya miti. Kila jani lina kaboni, ambayo mti uliivuta hewani. Jani likioza mtoni, sehemu ya kaboni hurudi juu, nayo ndiyo hewa ya ukaa. Katika matope ya mabwawa yasiyo na oksijeni, vijidudu hutengeneza methani. Gesi hii, kwa muda wa miaka 100, huongeza joto la dunia karibu mara 28 kuliko hewa ya ukaa ya uzito ule ule. Karibu na bahari chumvi huwapa nguvu vijidudu vya namna nyingine, na methani hupungua. Sehemu nyingine ya kaboni huzikwa: katika tope la mikoko, miti ya pwani yenye mizizi iliyosimama juu ya maji, na katika bonde lile.

Nguvu ya bonde ilionekana Januari 2020. Baada ya mafuriko makubwa, matope yaliteremka humo zaidi ya kilometa 1,100, yakakata waya mbili za mawasiliano, SAT-3 na WACS. Kumbe mto huzika mzigo wake mbali sana.

Lakini tope la mikoko laweza kufukuliwa. Hifadhi ya mikoko ya Muanda iliwekwa mwaka 1992. Hata hivyo miti hukatwa kwa kuni na makala. Ikiisha, kaboni iliyolala miaka mingi huanza kurudi hewani. Nasi tusiwalaumu watu wa Muanda peke yao, maana misitu ya miombo kandokando ya Lubumbashi imekwisha kwa makala ya majiko yetu. Mto ni mmoja, na hewa ni moja. Tupande miti, tupunguze makala, ndipo tuwaombe wa pwani waache mikoko isimame.