Nasaba ya Maneno Mjini Lubumbashi

Kama vile William Jones alivyobainisha huko Calcutta mwaka 1786 kwamba Kisanskriti, Kiyunani na Kilatini asili yao ni moja, ndivyo Carl Meinhof, mwaka 1899, alivyozirejesha sauti za mama wa lugha za Kibantu, lugha ambayo hakuna aliyepata kuiandika. Lakini huko Lubumbashi, mji ulioasisiwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ushahidi wa undugu kama huo husikika barazani bila ya kitabu. Maana shaba ya kampuni ya Union Minière iliwakusanya Waluba, Wabemba na Wanyarwanda, na huyu akihesabu satu, yule tatu, na mwingine gatatu, sikio lenye insafu hutambua nasaba yao.

Nao wakazi wa mji huo, katika Kiswahili chao, husema muntu na bantu, tamko ambalo baadhi ya watu wa pwani hulihesabu kuwa ni kosa, ilhali kwa hakika liko karibu zaidi na shina la kale kuliko mtu wetu, aliyepoteza irabu na nuni yake njiani. Wala mimi sioni kosa hata kidogo, kwani wahamiaji hao walikitwaa Kiswahili wakakitamka kwa desturi ya mababu zao.