Nyumba na Milango ya Kale ya Pangani Yalindwa na Sheria Hata Pasipo Kibao

Mji wa Pangani, makao makuu ya wilaya yenye jina hilo mkoani Tanga, uko kwenye ukingo wa kaskazini wa Mto Pangani, mahali mto huo unapoingia Bahari ya Hindi. Maji yake huanzia Kilimanjaro na Meru, hupita katika Bwawa la Nyumba ya Mungu na kusafiri takriban kilomita 500 hadi baharini. Ng'ambo ya mji ni Bweni, ambako kwa miaka mingi wananchi wamekuwa wakivuka kwa pantoni na mitumbwi.

Katika karne ya 19 misafara kutoka bara ilifikisha hapo pembe za ndovu na watumwa, na kando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa kwa nguvu za watumwa. Utajiri huo, pamoja na dhuluma iliyouzaa, ndio uliojenga nyumba za mawe ya matumbawe zenye dari za boriti za mikoko na milango iliyonakshiwa.

Tukio lililoupa mji huo nafasi ya pekee katika historia ya Taifa lilitokea mwaka 1888. Mwezi Aprili mwaka huo, Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikodisha mwambao kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mwezi Agosti, mwakilishi wa kampuni hiyo, Emil von Zelewski, alipotaka kusimika mamlaka yake Pangani, wenyeji walimkataa. Upinzani ulienea pwani nzima chini ya Abushiri bin Salim, ambaye mwenyewe alikuwa na shamba la miwa karibu na mji. Majeshi ya Hermann Wissmann yaliutwaa mji Julai 1889, na tarehe 15 Desemba mwaka huo Abushiri alinyongwa Pangani.

Wapo wananchi wanaodhani kuwa jengo lisilo na kibao cha Serikali halina ulinzi. Sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda kila jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863, liwe na kibao au lisiwe nacho, hata kama ni makazi ya familia. Milango na miimo ya mbao iliyonakshiwa kabla ya mwaka 1940 nayo ina ulinzi wake: haiuzwi wala haisafirishwi nje ya nchi bila kibali.

Hata hivyo, mwaka huo wa 1863 unaacha pengo ambalo kwa Pangani si dogo. Vita vya Abushiri vilipiganwa miaka 25 baadaye. Kwa hiyo majengo na maeneo ya wakati wa vita hivyo hayapati ulinzi kwa umri wake pekee; yanahitaji kutangazwa na Waziri mwenye dhamana katika Gazeti la Serikali.

Kwa wenye nyumba za kale, adui wa kila siku ni chumvi na unyevu. Kuta za matumbawe zilijengwa kwa chokaa, ambayo huruhusu unyevu kutoka. Plasta ya saruji hupendeza inapokuwa mpya, lakini hufungia unyevu ndani na ukuta huanza kumomonyoka. Ukarabati wa nyumba hizo ufanywe kwa chokaa, baada ya kushauriana na Idara ya Mambo ya Kale.

Jambo hili lina uzito zaidi kutokana na mradi wa barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo, unaohusisha daraja la mita 525 juu ya mto huo. Barabara huongeza thamani ya viwanja, na msingi mpya huchimbwa mahali penye mabaki ya kale. Sheria inamtaka anayekuta vyungu, makaburi au kuta za zamani wakati wa kuchimba asiviguse, bali atoe taarifa mara moja kwa mamlaka za Serikali zilizo karibu naye.