Mavuno ya kuagizwa: Picha za viazi vya Maine, 1940

Septemba 1940, Roy Stryker, mkuu wa kitengo kidogo cha picha kilichokuwa chini ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, alimwandikia barua mpiga picha wake aliyekuwa safarini katika majimbo ya kaskazini mashariki. Magazeti yalikuwa yameanza kuulizia picha za majira ya mapukutiko, yaani Septemba hadi Novemba, wakati wakulima wa huko wanapovuna mbio kabla baridi haijagandisha udongo. Ofisini picha za namna hiyo zilikuwa chache. Stryker akaagiza mashamba ya mahindi, maboga, mawingu meupe na anga la buluu. Neema ionekane ya kufurika, na utamu umwagwe juu yake bila kipimo. Alijua fika kwamba msanii anayejiheshimu atakunja uso akisoma agizo hilo, kwa hiyo akamkata kauli mapema: Hitler yuko mlangoni, na huu si wakati wa kubembeleza nafsi ya mpiga picha.

Aliyeandikiwa ni Jack Delano, kijana wa miaka 26 aliyezaliwa Ukraine kwa jina la Jacob Ovcharov na kufika Marekani na wazazi wake mwaka 1923. Alikuwa amesomea muziki na uchoraji mjini Philadelphia. Kazi ya serikali aliipata miezi michache tu kabla ya barua ile, kwa mshahara wa dola 2,300 kwa mwaka na kwa sharti kwamba awe na gari na leseni ya udereva. Baada ya barua hiyo alifika wilaya ya Aroostook, kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, mpakani na Kanada, na viazi vilikuwa tayari kuchimbwa.

Kilichotokea huko ni kisa cha kufaa kwa yeyote anayetaka kujua picha ya mavuno hutengenezwaje, na humtumikia nani.

Rundo la nyasi na kamera iliyochelewa

Kupiga picha za mavuno ni jambo la zamani karibu sawa na kamera yenyewe. Mwaka 1844 Mwingereza William Henry Fox Talbot, mmoja wa waasisi wa upigaji picha, alilenga kamera yake kwenye rundo kubwa la nyasi kavu nyumbani kwake Lacock, ngazi ikiwa imeegemezwa ubavuni. Picha hiyo aliiingiza katika kitabu chake cha The Pencil of Nature, akieleza kwamba kamera inanasa vitu vidogo vidogo ambavyo hakuna mchoraji angejisumbua kuvinakili. Na kweli, unaweza kukaribia kuhesabu mabua.

Ila tazama ni nini hakimo. Hakuna mtu. Picha ilipigwa mwezi Aprili, nyasi zikiwa zimekatwa tangu kiangazi kilichotangulia. Karatasi za Talbot zilikunywa mwanga polepole, na mtu anayefyeka au kubeba mzigo angetokea kama ukungu. Kwa hiyo kamera ya wakati huo ilionyesha kilichokwisha kuvunwa, na kuvuna kwenyewe kukabaki nje ya fremu. Aliyetaka wavunaji pichani aliwasimamisha, akawaambia watulie na zana zao mkononi. Ilibidi filamu ziongezewe kasi na kamera zipunguzwe ukubwa hadi kutosha kiganjani, jambo lililoanza mwishoni mwa karne ya 19 na kukamilika katika miaka ya 1920 na 1930, ndipo mgongo ulioinama uweze kunaswa ukiwa umeinama kwa kazi.

Ofisi ya mchumi

Kitengo cha Stryker kilizaliwa katika shida. Bei za mazao zilikuwa zimeanguka, ukame ulikuwa umepeperusha udongo wa majimbo ya kati, na familia kwa maelfu zilikuwa zimepoteza mashamba. Mwaka 1935 serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliunda shirika la kuwakopesha na kuwahamisha wakulima maskini. Mwaka 1937 likapewa jina la Farm Security Administration, au FSA. Wabunge wengi waliliona kuwa ni upotevu wa fedha za umma. Picha zilitakiwa ziwafumbue macho, wao na wapiga kura wao.

Stryker mwenyewe hakuwa mpiga picha. Alikuwa mchumi wa Chuo Kikuu cha Columbia aliyekulia kwenye ranchi huko Colorado, na aliamini kwamba huwezi kupiga picha ya zao usilolijua. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akimtuma Carl Mydans kusini kwenye mashamba ya pamba, alimwuliza anafahamu nini kuhusu pamba. Mydans akakiri kwamba ni machache. Safari ikasogezwa mbele, wakakaa wakizungumza pamba hadi usiku. Wapiga picha wake, akiwemo Dorothea Lange, Walker Evans, Russell Lee na Marion Post Wolcott, walipewa vitabu vya kusoma na orodha ndefu za mambo ya kutazama. Alikuwa pia na mkono mzito: kwa miaka kadhaa, negativu asiyoitaka aliitoboa tundu, isije ikachapwa.

Shinikizo lilitoka pande zote. Mwaka 1936, mwaka wa uchaguzi, magazeti ya upinzani yaligundua kwamba Arthur Rothstein alikuwa amelisogeza fuvu la ng'ombe hatua chache katika ardhi iliyopasuka huko South Dakota ili lipendeze zaidi pichani. Ukame ulikuwa wa kweli na fuvu lilikuwa la kweli, lakini zogo lililozuka lilitosha kuifundisha ofisi nzima kwamba picha ya shamba ni mali ya siasa.

Mavuno nayo yalikuwemo tangu mwanzo, ila hayakuwa ya maboga na mawingu. Oktoba 1935 Ben Shahn alikuwa Arkansas, wilaya ya Pulaski, akiwapiga picha wachuma pamba ambao saa 12:30 asubuhi walikuwa tayari shambani. Yalikuwa majira yaleyale ambayo miaka mitano baadaye Stryker angeyataka yapambwe. Kilichobadilika katikati ni vita. Ufaransa ilikuwa imeanguka Juni 1940, London ilikuwa ikipigwa mabomu, na Marekani, ingawa haikuwa imeingia vitani, ilihitaji kujiona kuwa ni nchi yenye chakula na yenye kitu cha kutetea.

Pipa, kikapu na namba

Delano hakugoma. Novemba mwaka huo alipiga picha meza ya sikukuu ya shukrani ya familia moja ya Wakristo wa dhehebu la Quaker huko Ledyard, Connecticut, pai za maboga zikiwa zimepangwa: agizo limetekelezwa neno kwa neno. Mwezi mmoja kabla, Oktoba, huko Virginia karibu na mji wa Marion, mwenzake Marion Post Wolcott alikuwa akipiga mabua ya mahindi yaliyofungwa mafungu na kusimamishwa wima kandokando ya ua, picha ambayo hadi leo ingefaa kalenda yoyote.

Lakini Aroostook haikukubali kuwa kalenda. Huko mashine ya kuchimbua ilitangulia, ikipindua tuta na kuviacha viazi juu ya udongo. Nyuma yake alikuja mwokotaji na kikapu cha vipande vya mti, amekiweka katikati ya miguu, akirudi kinyumenyume au kusonga mbele akiwa ameinama. Kikapu kilipojaa alikimimina katika pipa la mbao. Pipa moja lilibeba paundi 165, karibu kilo 75, na kila mwokotaji alibandika juu yake kikaratasi chenye namba yake, kwani alilipwa kwa pipa. Mkulima wa Njombe aliyechoshwa na ugomvi wa lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, angevutiwa na utaratibu huo: chombo ni kimoja, ukingo wake ni wa mbao, na hakuna wa kukishindilia kichuguu juu.

Waokotaji wengi walikuwa watoto. Katika picha ya rangi aliyoipiga karibu na mji wa Caribou, wameinama shambani, mapipa yamesimama, na maelezo aliyoyaandika Delano yanasema waziwazi kwamba shule hazifunguliwi mpaka viazi viishe shambani. Hayakuwa mambo ya siri. Wilaya nzima ilipanga kalenda ya masomo kwa kufuata kiazi, na mtoto aliyeokota aliingia darasani akiwa na viatu alivyojinunulia mwenyewe. Wenyeji wengi walijivunia desturi hiyo. Hata hivyo, picha inayotakiwa kuonyesha neema ya nchi inatuonyesha pia ni nani anayeikusanya.

Picha nyingine inakwenda mbali zaidi. Ni foleni ya malori nje ya kiwanda cha wanga mjini Caribou. Maelezo yake yanasema malori yalikaribia 50, na mengine yalikuwa yamesubiri saa 24 ili viazi vipangwe madaraja na kupimwa. Kiazi kinachopelekwa kwenye wanga kwa kawaida ni kile ambacho soko la chakula halikitaki, na bei yake ni ya chini. Rangi ni nzuri, malori yanang'aa, anga lipo. Mkulima anayejua bei za msimu wa mavuno, popote alipo, haoni neema peke yake katika foleni hiyo.

Filamu ya rangi yenyewe ilikuwa ngeni. Kodachrome ilitoka mwaka 1935 kwa ajili ya sinema, na mwaka uliofuata kwa kamera ndogo. Ilikuwa nzito kupokea mwanga, ikidai jua la kutosha na mkono mtulivu, na kuchapa rangi magazetini kulikuwa ghali. Ndiyo maana wengi walizoea kudhani kwamba wakulima wa miaka hiyo waliishi katika dunia ya kijivu, ilhali kitengo cha Stryker na ofisi iliyokirithi viliacha picha za rangi zipatazo 1,600.

Baada ya ofisi kufungwa

Mwaka 1942 kitengo kilihamishiwa katika ofisi ya habari za vita. Mwaka uliofuata Stryker aliondoka, lakini kwanza alihakikisha kwamba hazina yake haitatawanywa. Mwaka 1944 ikaingia katika Maktaba ya Bunge mjini Washington. Ni negativu zipatazo 175,000 za nyeusi na nyeupe pamoja na zile za rangi. Kwa kuwa zilitengenezwa kwa fedha za umma, mtu yeyote anaweza kuzipakua na kuzitumia bila malipo. Delano alitumwa Puerto Rico mwaka 1941, akarudi huko mwaka 1946 kuishi, akatunga muziki na kutengeneza filamu, na hakuondoka hadi kifo chake mwaka 1997.

Aroostook bado inalima viazi, na kwa miongo mingi baada ya vita baadhi ya shule zake ziliendelea kufungwa wakati wa mavuno. Ila mashine kubwa za kuvuna zimechukua nafasi ya kikapu na pipa. Mpiga picha anayekwenda huko sasa wakati wa mapukutiko anapata vumbi, mkanda unaozunguka na dereva mmoja nyuma ya kioo.

Kwa sababu hiyo, mwanahistoria anayetaka kujua shamba moja la familia lilihitaji mikono mingapi, nani alilipwa kwa pipa na nani alisubiri usiku kucha nje ya kiwanda, hujikuta akirudi kwenye picha zilizoagizwa kwa ajili ya propaganda. Zimebaki kuwa na thamani kwa vile aliyezipiga aliandika maelezo kwa uaminifu uleule aliolenga nao kamera. Siku hizi husambazwa mitandaoni bila maelezo hayo, watu wakisifia rangi. Anayeziangalia hivyo anapokea bango la serikali la mwaka 1940. Maelezo yamo katika kumbukumbu za Maktaba ya Bunge, chini ya kila picha, na kuyasoma hakuchukui hata dakika.